Nira

Karani wa shule ya Ottappalam aliinua kalamu:
jina, la baba, kijiji, tarehe.
Alipofika kwenye dini baba akasema, acha wazi.
"Pawazi hapapigwi muhuri, Chathukutti. Taja chochote,
hata uongo."
Baba akafikiri, vumbi la mbao kwenye nyusi,
akasema: basi andika yuktivadi.

Nilikuwa na miaka sita. Nilidhani ni ugonjwa.
Neno lenyewe nilikuwa nimelisikia mara moja tu,
siku ile picha ya mtakatifu kwa jirani yetu Madhavi
ilipoanza kutoa majivu matamu,
watu wakapanga foleni hadi kisimani,
na baba akapanda kiti, akapitisha kidole nyuma ya kioo,
akakinusa, akakilamba, akauliza
nani humu ndani amesaga sukari.
Hakucheka mtu. Mama alitazama miguu yake.
Yuktivadi! Walimrushia neno hilo hadi mlangoni kwetu
kama wafukuzao mbwa aliyekanyaga wali.

Maana yake nini? nilimuuliza tukirudi.
Hakujua.
Hilo ndilo ninalompendea hadi leo:
alijiandikisha jina asilojua lilikotoka,
na mtoto alipomuuliza
akasema sijui, twende tukaulize.

Mwalimu Variyar, aliyefundisha Kisanskriti,
alikuwa barazani akimchambulia mkewe dengu.
Alitutazama juu ya miwani. Vadi, alisema, ni msemaji,
mwenye kusimamia hoja.
Yukti ni hoja yenyewe, fikra zilizoshikana.
Ila mzizi wake, Chathukutti,
na hapo akaitazama mikono ya baba,
mzizi wake ni kuwafunga maksai wawili nira moja.

Baba alikuwa fundi wa nira.
Alikaa palepale kwenye ngazi,
akacheka mpaka kikohozi kikamshika.
"Kumbe miaka yote hii nachonga hoja,
nauza rupia tatu,
na bado watu wananikopa!"

Usiku akamsimulia Kunjalavi, mwalimu wa Kiarabu,
ambaye waligombana naye kila siku juu ya Mungu
na kila siku wakagawana tumbaku.
Kwetu nako ndivyo, Kunjalavi akasema.
Akili ni kamba. Mwarabu humfunga ngamia goti
asije akaamka usiku akalifuata jangwa.
Wakanyamaza.
Nami niliyedhani mwenye akili ni aliyefunguliwa
nikawatazama, huyu na kamba yake, huyu na nira,
wala hakuna kati yao aliyekuwa na neno la kufungulia.

Alipokufa hapakuwa na kuni wala kuhani.
Gari la chuo cha udaktari lilitoka Thrissur
likamchukua saa nne asubuhi, kama alivyoagiza
kwa herufi zake zilizopinda.
Mama alitia sahihi. Kisha akaingia ndani akawasha taa,
ile ya shaba, ambayo miaka arobaini
aliiwasha baba akitoka, akaizima akisikia hatua zake.
Jioni nikafungua daftari la deni la duka.
Mchele. Misumari. Tumbaku.
Na kila Ijumaa, mafuta ya ufuta ya taa,
kwa mwandiko wa baba.

Nira moja imebaki, ya mti wa mfenesi.
Haikupata mnunuzi, upande mmoja ulitoka mfupi;
"wa huku atavuta zaidi," alisema, akaitundika ukutani.
Mwanangu huning'iniza hapo kofia yake ya pikipiki.
Juzi alikuwa akijaza fomu ya kazi, kalamu mdomoni.
Mama, hapa kwenye dini niandike nini?

Niliitazama ile nira, upande mfupi na mrefu.
Acha wazi kwanza, nikamwambia.
Vuta kiti.